Siku Kisima cha Bi Rukia Kilipotoa Maji ya Buluu

Siku nyingi nimezisahau, mwanangu, hata zile ambazo mtu hapaswi kuzisahau. Lakini iko moja naikumbuka kama niliyoamka nayo leo: siku ndoo ya Bi Rukia ilipopanda kutoka kisimani imejaa maji ya buluu, na mwenyewe keshatawadha mkono mmoja hadi kiwiko.

Nitafika huko. Kwanza nikwambie kilichonishikisha kalamu.

Wiki jana mjukuu wangu Saumu alinijia na ramani ya nyumba anayotaka kujenga Junju. Akaitandaza mezani, akaikandamiza kwa vikombe isijikunje. "Bibi, hapa sebule. Hapa chumba changu. Hapa jikoni, vigae hadi juu." Nikaangalia weee, kisha nikamuuliza, "Na maji machafu yatoka wapi, yaenda wapi?" Akacheka. "Bibi naye! Hayo fundi atajua."

Basi. Maneno hayo hayo, "fundi atajua", niliyasema mimi kabla mamake hajazaliwa, na yalinivunjia sakafu. Kaa nikusimulie.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mimi na mume wangu, Baba Saidi, tulikuwa tukikaa Muyeye katika nyumba ya udongo na makuti, choo chetu cha shimo nyuma uwanjani. Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii, nami nikisafisha vyumba hapo hapo. Shule niliishia darasa la tatu, lakini macho yangu hayakuishia darasa lolote. Siku ya kwanza kukutana na choo cha kuvuta mnyororo, nilikivuta mara nne. Si kwa kazi. Kwa kutaka kujua tu. Maji yaja kwa kishindo, yazunguka, yakoroma, yapotea. Nikainama nikachungulia. Yameenda wapi? Nikamuuliza fundi wa bomba aliyekuwa akipita, naye hata shingo hakugeuza. "Chini," akasema.

Nikaridhika. Na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, mwanangu: niliuliza swali zuri nikakubali jibu bovu. Kuuliza si ujinga, ni kweli. Lakini kuuliza nusu ni ujinga uliovaa nguo za sikukuu.

Mungu akatujalia, tukaanza kujenga nyumba ya mawe. Kiwanja kilikuwa ubavuni mwa mavyaa yangu, yaani mamake mume wangu, Bi Rukia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, na uwanjani kwake kulikuwa na kisima ambacho mtaa mzima ulikuwa ukiteka. Bomba la mji siku hizo likitoa maji siku moja, siku tatu linakohoa. Kwa hiyo chai ya mtaa, uji wa watoto, maji ya kutawadha na ya kuoshea maiti, yote yalitoka kwa Bi Rukia. Nami kila Ijumaa alikuwa akiniletea mtungi wake mwenyewe, ameufukiza ubani kwanza ndipo akautia maji. Tangu nilipoolewa hakuwahi kuruka Ijumaa. Hata tukigombana, mtungi ulikuja. Ulikuja umenuniwa, lakini ulikuja.

Mimi katika nyumba ile nilitaka vitu viwili. Sakafu nyekundu inayong'aa, na choo cha kuvuta. Na choo chenyewe nikakitaka karibu na sebule, mgeni akikivuta wenzake wakisikie. Cheka tu. Nilikuwa na fahari, na fahari ninayo bado, ila sasa najua pa kuiweka.

Fundi wetu aliitwa Mwero. Kwa ukuta Mwero hakuwa na mwenzake. Alikuwa akiupandisha umenyooka kama amri. Nikimuuliza habari za bomba anasema, "Bomba ni kazi ya mwisho, Mama Saidi. Kwanza nyumba isimame." Nami nikasema, haya, fundi atajua. Ukuta ukapanda. Sakafu ikamwagwa, ikatiwa rangi nyekundu, ikapakwa nta. Niliisugua kwa kumbi la nazi, mguu mmoja juu ya kumbi na mwingine chini, mbele na nyuma kama mcheza ngoma, hadi nikajiona meno.

Ndipo Bi Rukia akaja kukagua. Akapita kila chumba akisema mashaallah, akafika chooni akasimama. "Mkamwana, hapa mtu akikaa, uso wake utakuwa umeelekea wapi?"

Tukapimana kwa macho, mimi na Mwero. Ulikuwa umeelekea kibla, pasipoelekewa chooni.

Loo! Aibu niliyoipata. Mwero akaomba radhi, akageuza alama zake, mgongo wa choo ukawa upande wa kisima, na papo hapo akafurahi: "Tena ndiyo vizuri! Bomba latoboa ukuta huu, hatua tatu liko nje. Fupi, halina kona." Sote tukafurahi. Tazama basi akili zetu, mwanangu: watu wazima watatu tulihangaika uso wa mtu utaelekea wapi, na bomba litaelekea wapi hakuna aliyeuliza.

Mchimba shimo tukamwita Mzee Karisa. Huyu alikuwa Mgiriama mwenye mikono mipana kama majembe, na kazi yake ya ujanani ilikuwa kuchimba visima. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha pale. Hakuchimba mara moja. Alizunguka kiwanja akipiga ardhi kwa kisigino kama mtu anayechagua tikiti maji, halafu ndipo akaanza. Siku ya pili, shimo likiwa limemfika kifuani, nikasikia ananiita.

"Mama Saidi, njoo usikie."

"Nisikie nini, mzee?"

"Mwamba unapumua."

Mwingine angeguna akaendelea na mapishi yake. Mimi nilifunga leso kiunoni nikashuka. Chini kule jiwe lilikuwa jeupe, lina matundu-matundu, maana ardhi yetu ya pwani ilikuwa bahari zamani. Na katika jiwe hilo kulikuwa na ufa, upana wa vidole viwili. Akaushika mkono wangu akauweka hapo. Kibaridi kikanigusa. Akaokota unyoya wa kuku, akausogeza penye ufa, nao ukatikisika peke yake kama uliosikia habari.

"Huu waenda wapi?" akaniuliza.

"Chini," nikasema, kama nilivyofunzwa hotelini.

Mzee Karisa alicheka hadi akakohoa. "Chini si mahali, mama. Chini ni njia, na njia ina mwisho. Huo mwisho ndio nataka kuujua." Akaegemea sururu yake. "Hicho choo cha kuvuta, maji yake mtayapata wapi?"

"Tutajaza tangi kwa ndoo. Kutoka kwa mama, kisimani."

"Ehee. Uyateke kisimani, uyavute chooni, yashuke kwenye ufa. Je, yakirudi kisimani? Utakuwa unayapandisha maji bembea."

Mwero alikuwa juu ya ukingo, amesikia. "Mzee usitutishe. Toka hapa hadi kisimani ni hatua arobaini, nimezipiga mwenyewe. Tena uwanja wainama kuja huku. Maji yatapanda mlima?"

"Juu uwanja wainama huku," akasema Karisa taratibu. "Chini mwamba una mawazo yake."

Mimi nilikasirika, mwanangu. Nilishamwonyesha kila mtu pale choo kitakapokuwa, halafu mzee wa sururu aniambie habari za mwamba wenye mawazo? Nikasema, "Nitakuonyesha." Nikaenda dukani nikachukua buluu ya kufulia kanzu, pakiti zote zilizokuwepo, nikaikoroga kwenye karai hadi ikawa nyeusi. Nikaimimina mwenyewe kwenye ufa. Kisha tukateka maji na kuyamwaga juu yake, mapipa matatu. Ufa uliyameza yote bila hata kucheua.

"Kesho," nikamwambia Karisa, "utakunywa chai hapa kwa maji meupe pe, na utaniomba radhi."

"Inshallah iwe hivyo," akajibu, na hakuwa akinikejeli. Ndiyo maana nilizidi kukasirika.

Bi Rukia sikumwambia kitu. Nimwambie nini, na mimi nilikuwa na hakika?

Kesho yake alasiri niko naanika nguo, nikasikia ukelele uliowarusha kunguru wote wa Muyeye.

"Wee Mama Saidi! Mama Saidi! Mumenitilia nini kisimani?"

Nilifika mbio. Watu walishajaa. Mmoja asema jini, mwingine asema ni dawa ya kutega watu. Bi Rukia amesimama, mkono mmoja umelowa hadi kiwiko, ndoo iko miguuni. Nikachungulia. Haikuwa buluu ya kutisha. Ilikuwa ile ya kanzu isiyosuuzwa vizuri. Lakini ilikuwa buluu. Bi Rukia akaitazama ndoo. Akatazama ule mlima wa kifusi kando ya nyumba yangu. Mwisho akatazama vidole vyangu, ambavyo vilikuwa havijatakata tangu jana.

Vidole vilishasema. Hata hivyo nikajikaza nikamweleza, mbele ya watu wote: shimo, ufa, buluu, ubishi wangu na Karisa.

Nilitegemea matusi. Lakini sauti yake ilishuka. "Leo wanipa buluu, mkamwana," akasema. "Kesho ungenipa rangi gani?"

Nimepigwa maishani, nimefiwa, nimefukuzwa kazi. Hakuna neno lililonipiga kama lile.

Mzee Karisa alipofika hakusema "nilikwambia". Alichutama, akaitazama ndoo kwa furaha kama mtu aliyepata barua kutoka mbali. "Siku moja tu! Basi ule ufa ni mpana kuliko nilivyodhani." Na nisikufiche, mwanangu: katikati ya aibu yangu, nami nilitaka kujua. Ulipinda wapi? Ulipita chini ya chumba gani? Maji yalitembea gizani hatua arobaini, yakapanda nilikoambiwa hayapandi, yakatokea kumsalimia mama mkwe wangu.

Mume wangu alirudi kazini akakuta mkutano. Yeye mtu wa amani. Akasema shimo lisogezwe kidogo, hatua kumi. Mwero akasema hapana, lipigwe plasta tu. Karisa akatikisa kichwa: "Plasta ni mgeni, mwamba ni mwenyeji. Siku mwenyeji akijinyoosha, mgeni anapasuka." Kisha akanigeukia mimi, si wao. "Mama, mvua kubwa ikinyesha, uwanja wako unakauka wapi mwisho?"

Hilo nililijua. Nani alijua uwanja ule kama mimi niliyeufagia? "Kule ng'ambo, penye mipapai. Maji yote huishia huko."

Akaenda na kigongo cha chuma, akakipiga ardhini kule. Kilizama chote, hakikugonga jiwe. Udongo mwekundu, kisha mchanga. "Hapa," akasema. "Mchanga huchuja. Na kisima kiko mbali, mgongoni."

Ni kweli kisima kilikuwa mgongoni. Lakini kutoka chooni hadi penye mipapai, katikati ilikuwapo sebule. Na sebuleni ilikuwapo sakafu.

"Hapana!" akasema Mwero, kashika kichwa. "Sakafu hiyo? Haiwezekani."

Niliingia ndani nikakaa kwenye kigoda, nikaitazama. Ijumaa ilipofika, nilikaa hapo tena tangu asubuhi. Na acha nikwambie ukweli wote, maana nasaha iliyofichwa nusu ni uongo. Shetani alinijia. Akaniambia: buluu itakwisha kwa siku mbili tatu. Watu watasahau. Choo kitafanya kazi vilevile, na kitakachokwenda kisimani hakitakuwa na rangi. Nani atajua?

Nikiwa katika mawazo hayo, mlango ukagongwa. Bi Rukia. Ilikuwa wakati wake wa kuleta mtungi, na mtungi aliubeba. Nikanyoosha mikono niupokee. Hakunipa. Aliinama, akaufudikiza juu ya sakafu yangu nyekundu, mdomo chini. Halikudondoka hata tone.

"Ubani nimefukiza," akasema. "Cha kutia ndani sina."

Akaenda zake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilipona. Iliyovunjika ni sakafu. Nilitoka nikamwomba Mwero nyundo kubwa. Akadhani natania. Nikaiinua mwenyewe, nikaishusha katikati ya sebule, na ule wekundu ukapasuka ukaonyesha kijivu ndani.

"Sakafu yangu!" Mwero akalia.

"Sakafu ni yangu, Mwero," nikamwambia. "Yako ilikuwa bomba."

Alichukua patasi, tukafanya kazi. Na kuanzia siku hiyo nilimganda kama kupe. Kila jambo naliuliza hadi mwisho wake. Alileta mpira wa bomba mrefu, mweupe wa kuonyesha ndani, umejaa maji, ncha moja chooni, nyingine penye mipapai, tukaona maji yanavyosimama sawa pande zote mbili, ndipo tukajua bomba lishuke kiasi gani. Nikasema si lishuke sana tu, upesi liondoke? Akanifundisha, na hili ni yeye, haki yake nampa: maji yakikimbia mno huuacha mzigo nyuma, yakijikokota hulala njiani na mzigo wao. Yataka mwendo wa mtu aendaye msikitini, si wa aliyechelewa wala wa asiyetaka kwenda. Chini ya nyumba akalinyoosha bila kona hata moja. Nje, lilipopinda, akajenga kishimo chenye mfuniko wa zege, ili likiziba siku moja mtu afunue aone, asivunje tena.

Shimo la pili, la penye mipapai, lilipokwisha, Karisa mwenyewe alitaka kuridhika, lakini mimi nikasema bado. Nikaenda dukani tena. Mwenye duka akaniuliza, "Mama Saidi, mumefungua kiwanda cha kanzu?" Nikamimina buluu, tukamwaga mapipa, na safari hii nilimwambia Bi Rukia kabla. Siku ya kwanza tuliteka pamoja, meupe. Ya pili, meupe. Wiki nzima tuliinamia ndoo ile vichwa vikigusana, mimi na yeye, kama wasichana wanaochungulia barua. Meupe.

Choo kilipowekwa mahali pake, wa kwanza kukivuta alikuwa yeye. Alivuta. Akaruka nyuma. Akavuta tena. Akasubiri tangi lijae, akavuta mara ya tatu, akainama akachungulia, halafu akaniuliza, "Mkamwana, yameenda wapi?"

Sikumwambia chini. Nilimshika mkono, tukatoka chooni, tukatembea juu ya ile alama ya kijivu iliyokata sebule, tukatoka mlangoni, tukapita kishimo chenye mfuniko, hadi penye mipapai. "Yako hapa," nikasema. Akapiga ardhi kwa kisigino kama alivyomwona Karisa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akarudi kwake. Ijumaa mtungi ukaja umejaa.

Ile alama sijaifunika kwa rangi hadi leo. Wajukuu huifanya barabara ya magari yao ya makopo. Wageni huuliza kwa nini sakafu nzuri hivi ina kovu, nami huwa sina haraka ya kuwajibu mpaka chai iive.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilianza na ukuta, ufa nikauona baadaye. Wewe, Saumu mwanangu, uanze na ufa. Kabla hujaniambia sebule iko wapi, niambie mvua ikinyesha kiwanja chako kinakauka wapi mwisho. Nenda ukasimame huko kwa miguu yako, ramani huwa hainyeshewi. Jua kisima cha jirani kiko wapi hata kama ugomvi wenu hauna dawa. Chimba kwanza uone chini kuna mchanga au mwamba, na ukiona ufa, uulize waenda wapi na usikubali jibu la neno moja. Bomba lilale kabla zege halijamwagwa, na lipite njia fupi kama njia hiyo ni njema. Yangu fupi ilikwenda kisimani. Maji ya jikoni uyape njia yake, na chicha ya nazi uitupie kuku, usiipeleke bombani, itakuja kukuaibisha siku ya wageni. Na fundi mheshimu, mpe chai, lakini muulize hadi achoke. Akikwambia ni kazi ya mwisho, mwambie bibi yako kasema ni ya kwanza. Majuto ni mjukuu, na mimi wajukuu ninao kumi na mmoja. Wa jina hilo simtaki.

Mungu akujaalie nyumba yenye maji ya adabu: yakija yaje safi, yakitoka yasimwonee mtu. Akupe jirani wa kukwambia kweli na masikio ya kumsikia. Na kila Ijumaa mlango wako ugongwe, uufungue, na mtungi ulioletwa uwe mzito.